Alinichomekea, Nikamfuata

Barua za barabarani, zinajibiwa na mwalimu wa udereva

Kwa wanaoisoma safu hii mara ya kwanza: nimeendesha basi la shule miaka kumi na moja hapa Dar es Salaam, na tangu hapo kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha magari. Barua ya kwanza leo nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imenigusa. Nimeipunguza urefu, lakini maneno ni ya mwenyewe.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Goba, kazini kwangu ni Posta. Wiki iliyopita nilikuwa narudi nyumbani na binti yangu wa miaka sita, nilimpitia shuleni. Pale Mwenge kwenye foleni, kosta ya abiria ilitanua kushoto, halafu ikanichomekea kwa nguvu mpaka ikanikwangulia saiti mira. Dereva hakusimama wala hakunyoosha mkono kuomba radhi. Nikaona amenidharau, nikapandwa na hasira. Nikamfuata kutoka Mwenge hadi Survey, honi na taa kubwa juu. Nilipopata nafasi nikampita, nikafunga breki mbele yake makusudi ili asimame. Alisimama kwa shida, abiria wakapiga kelele. Tukashuka wote. Konda wake alikuwa ameshika spana. Bahati nzuri watu wakatuamulia. Nilitaka kumfundisha adabu tu. Tangu siku hiyo binti yangu hataki kupanda gari na mimi, anamwambia mama yake, "Baba atagombana." Mke wangu anasema nina tatizo. Mimi naona nilidai haki yangu. Nilikosea wapi?
Baba wa Goba

Marahaba mwanangu.

Naanza na binti yako, kwa sababu wewe umemweka mwisho wa barua. Mtoto wa miaka sita hajui nani alichomekea na nani alichomekewa. Alichokiona yeye ni shingo ya baba yake imekakamaa, honi isiyokatika, maneno ambayo nyumbani hayasemwi. Halafu breki, mkanda ukamkaba kifua. Halafu mlango ukafunguliwa, baba akatoka, akamwacha peke yake ndani ya gari lililosimama katikati ya barabara, na nyuma ya kichwa chake kuna kosta iliyojaa watu ambayo imesimama kwa bahati. Haogopi kosta ile. Anakuogopa wewe ukiwa kwenye usukani, na ana sababu.

Sasa tuje kwenye haki. Yule dereva alikosea na sina neno la kumtetea. Kutanua ni kosa, kuchomekea pasipo nafasi ni kosa, na kugonga gari la mwenzako ukaondoka ni kosa zaidi, maana sheria inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame. Ungeishia pale Mwenge, haki yote ingekuwa upande wako. Lakini ulibeba haki yako ukaikimbiza mpaka Survey, na ulipofika huko haikuwepo tena.

Hebu tuipige hesabu ile breki yako. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, aliyelala vizuri, anahitaji kama sekunde moja kutoka jicho linapoona hadi mguu unapofika kwenye breki. Maana yake kosta ilikuwa inakula mita 14 kabla breki haijashika hata kidogo, na baada ya hapo ndiyo inaanza kupunguza mwendo, na uzito wote ule. Wewe ulimwachia mita ngapi? Na ungemlazimisha akugonge, angekugonga wapi? Nyuma. Nani alikuwa amekaa nyuma?

Jingine. Kosta ikifunga breki ghafla, dereva ana usukani wa kujishikilia, konda ana mlango. Wanaorushwa ni wale waliosimama katikati, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine una mfuko wa nyanya au mtoto. Mama wa watu anatoka zake kibaruani, hakukukwangulia mira, hajui hata kama upo. Uliyekuwa unamfundisha adabu ni yeye.

Na hili neno la kumfundisha mtu adabu nalisikia kila wiki, ndiyo maana nataka nikae nalo kidogo. Gari langu la kufundishia lina breki ya pili upande wa kushoto, chini ya mguu wangu. Mwanafunzi amekaa karibu nami kiasi kwamba nasikia akipumua. Amelipa ada yake, amekuja kwa hiari, anataka kujua. Na bado, nikimfokea hasikii. Mikono inakakamaa kwenye usukani, anaanza kuangalia uso wangu badala ya barabara, na analirudia kosa lile lile. Ilinichukua miaka kulielewa hilo. Siku hizi nangoja mpaka tumeegesha, gari limezimwa, ndipo nasema. Sasa wewe unataka kumfundisha mtu ambaye hakukuomba, yuko ndani ya gari jingine, vioo vimefungwa, muziki uko juu, na chombo chako cha kufundishia ni honi. Atajifunza nini? Atajifunza kwamba leo kuna mtu wa gari dogo alitaka kumwua. Kesho atamchomekea mwingine akiwa na hasira zaidi.

Umeandika pia kwamba alikudharau. Hapo naomba unisikilize. Siku ukienda Kariakoo kwa miguu, mbeba mzigo atakupita anapiga kelele "Pisha! Pisha!", gunia litakugonga bega, utayumba. Utamfuata mtaa mzima? Humfuati. Unamwona jasho linamtoka, unaona shingo imekandamizwa na mzigo, unajua ni mtu anatafuta riziki. Unajipangusa vumbi unaendelea na safari yako. Lakini ukishakaa ndani ya gari humwoni mtu tena, unaliona bampa. Na bampa halina jasho. Kwa hiyo unalijazia mwenyewe: amenidharau, kaniona mimi si kitu, kwa kuwa gari langu ni dogo. Mwanangu, yule dereva hakukufikiria hata nusu dakika ili akudharau. Alikuwa anaangalia kituo kilichoko mbele na kosta nyingine iliyokuwa inamkaribia kwa nyuma. Hakukuona. Ni kosa lake, tena kubwa, lakini kutokuonwa si sawa na kutukanwa.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu na mimi nimepita huko. Mwaka 2008 nilikuwa nateremka Barabara ya Mandela kutoka Buguruni, basi la shule, watoto 23. Lori la kontena la kwenda bandarini likanibana mpaka tairi zangu za kushoto zikatoka kwenye lami. Moyo ulinidunda nikausikia masikioni. Wakati ule daraja la juu la Mfugale halijajengwa, lilifunguliwa 2018. Pale Tazara palikuwa na taa na foleni ya kukaa. Nikalikuta lile lori limesimama. Nikajisogeza ubavuni kwake, nikashusha kioo, nikamtolea yule dereva matusi ambayo mpaka leo sitayarudia hata nikiwa peke yangu. Yeye kule juu kioo chake kimefungwa, injini inanguruma, anatafuna muhogo wa kuchoma na macho yako kwenye taa. Hakusikia hata neno moja. Taa zikaruhusu, akaondoka.

Nikageuka nyuma. Kimya. Kiti cha pili kutoka mbele alikaa msichana wa darasa la pili na mdogo wake wa chekechea. Yule dada alikuwa amemziba mdogo wake masikio kwa viganja vyake viwili. Ya kwake aliyaacha wazi, kwa sababu mikono ilikuwa miwili tu.

Kwa hiyo unaponiuliza ulikosea wapi, najua mahali penyewe. Kosa lake liliishia pale Mwenge alipokukwangua. Lako lilianza pale ulipokanyaga mafuta kumfuata.

Siku nyingine ufanyeje? Mwili ukishapata hofu unamwaga adrenalini kwenye damu, na hiyo haiondoki kwa kuambiwa "tulia". Mapigo ya moyo yanapanda, mikono inataka kufanya kazi, na macho yanabana, unaona kile kitu kimoja tu ulichokikasirikia. Bodaboda aliyeko kushoto kwako humwoni. Mtu anayevuka kwenye zebra humwoni. Ndiyo maana kitu cha kwanza si kufikiri, ni mguu: toa mguu kwenye mafuta. Acha gari lipungue lenyewe, kosta iende. Ukipata pa kuegesha, egesha. Shusha pumzi ndefu, ngoja, hata kama nyuma wanakupita wote.

Halafu ongea, kwa sauti, kama tunavyofanya darasani. Wanafunzi wangu nawafundisha kuitaja barabara: "Kosta inatanua kushoto, inataka kuingia, nampunguzia." "Bodaboda mbili zinakuja katikati." "Mama amesimama ukingoni ana ndoo." Mtu anayeitaja barabara kwa mdomo anaiona mapema, na hapati nafasi ya kutukana, kwa sababu mdomo una kazi. Ukiwa na binti, mpe na yeye kazi hiyo. Watoto wanaiweza kuliko watu wazima.

Kuhusu mira: soma namba ya gari, soma njia iliyoandikwa mbele na rangi ya mstari wa ubavuni, saa ngapi, mahali gani. Muda mwingi uliompigia honi ungetosha kuyaandika yote hayo kwenye simu ukiwa umeegesha. Peleka polisi wa usalama barabarani, na kwa kuwa ni gari la abiria peleka pia LATRA, ambao ndio wanaotoa leseni za daladala. Utasema hawatafanya kitu. Inawezekana utazungushwa. Lakini linganisha na ile njia yako: spana ya yule konda ingeshuka mara moja tu, mke wako angekuwa anahangaikia fomu ya polisi ya PF3 ili utibiwe, na mira bado imekwanguka.

Binti muombe radhi. Si kwa kumnunulia kitu. Kaa naye chini, mwambie: "Siku ile baba alikosea, alikuacha peke yako kwenye gari, hataacha tena." Maneno hayo hayo, mepesi. Halafu usimlazimishe kupanda. Mwache siku mbili tatu aende na mama yake, na siku atakayokubali, zunguka naye mitaa ya Goba polepole, na akichomekewa baba yake mbele ya macho yake, aone anavyofanya.

*

Mwalimu, kila siku mnatusema madereva wa daladala. Mimi naendesha kosta, naishi Yombo. Naamka saa tisa usiku, narudi saa nne. Tajiri anataka hesabu laki moja kila siku, mafuta juu yangu, konda nimlipe, bado faini. Kinachobaki ndicho changu. Sina mshahara wala mkataba. Nikisubiri nafasi kwa ustaarabu, mwenzangu wa nyuma anawahi kituo anabeba abiria wote. Na hawa wa magari madogo wakiona naomba kuingia wanabana makusudi, wanakwenda bampa kwa bampa ili nisipite. Tufanyeje?
Suka wa Yombo

Mwanangu, pole na kazi, na nakushukuru kwa kuandika. Watu wanaoandika kwenye safu hii wengi wanakaa kwenye viti vyao wenyewe. Wewe umekaa upande wa pili wa kioo.

Sikuiti mhuni. Mtu anayelazwa usiku na laki moja ya mtu mwingine kichwani hawezi kuamka akiwa mpole. Abiria wanadhani daladala inakimbizana kwa sababu dereva ni mkorofi. Daladala inakimbizana kwa sababu watu watano waliosimama kituoni ndio mafuta ya jioni, na wa kwanza kufika ndiye anayewachukua. Angalia Mwendokasi, tangu mabasi yale yaanze kazi Mei 2016. Dereva wake ana Morogoro Road ile ile, jua lile lile, msongamano wa watu ule ule. Umeshamwona anapigania abiria na mwenzake pale Kimara? Ana njia yake, na abiria wakiwa wachache au wengi mfuko wake haubadiliki siku hiyo. Tofauti si tabia ya mtu. Mwaka 2015 madereva wa mabasi na daladala mligoma nchi nzima, na mkataba wa ajira ulikuwa mojawapo ya madai. Nilikuwa upande wenu siku ile na niko upande wenu leo. Wenye magari wanaosoma hapa, na najua mpo: hesabu mnayoipanga asubuhi ndiyo mwendo unaopita mbele ya shule mchana. Mkiipandisha, mnakanyaga mafuta mkiwa nyumbani mmekaa.

Lakini baba, hesabu haikupi ruhusa ya maisha ya watu thelathini. Na katika yale yaliyo mikononi mwako, kuna moja nataka nikueleze kwa kirefu, nalo ni mkono wa konda wako.

Nimeutazama mkono huo miaka mingi. Kuna konda anayetokeza dirishani, mkono umenyooka, kiganja wazi kimeelekea chini, anaupandisha na kuushusha taratibu kama anayetuliza mtoto, na anamtazama dereva wa gari dogo usoni. Midomo inasema, "Mzee naomba, mzee naomba." Gari dogo linapunguza. Kosta inaingia. Konda anageuza kiganja, anapunga: asante. Hapo hakuna ugomvi uliozaliwa. Na kuna konda mwingine, kosta hiyo hiyo, njia hiyo hiyo, anapiga bodi kwa ngumi na kulipiga boneti la mtu, "Wewe vipi, toa gari!" Hapo yule wa gari dogo, hata kama alikuwa anataka kukupisha, anabana. Umeandika kwamba wanabana makusudi. Wengine ndiyo. Lakini jiulize konda wako ni yupi kati ya hao wawili, na yupi anakuambia "Suka, mpige huyo, mbele kuna mtu!"

Jioni mkimaliza, kabla hamjagawana, ongea naye. Indiketa yako iwake mapema, si pale tairi limeshaingia. Mkono wake utoke pamoja na indiketa. Na mkipewa nafasi, shukuruni kila mara, hata foleni ikiwa mbaya. Yule baba wa Goba hapo juu ameandika barua nzima, na sehemu iliyomuuma kuliko mira ni kwamba dereva hakunyoosha mkono. Irudie sentensi hiyo utaona. Mkono mmoja wa konda ungeizima safari yote ile ya kutoka Mwenge hadi Survey.

Na mkikimbizana na mwenzako kuwahi kituo, mkiwa mmelala ubavu kwa ubavu, mwachie. Kituo kinachofuata kina watu pia, na yeye atakuwa amesimama anapakia.

*

Mwalimu habari. Tunaishi Kibaha, mume wangu ananishusha kazini Kimara kila siku. Ni mtu mzuri nyumbani, lakini akishika usukani anabadilika. Anawakimbiza watu, anawawashia taa kubwa wampishe, anatukana. Nikimwambia apunguze mwendo ananijibu nishuke. Nifanye nini?
Mama wa Kibaha

Mpenzi wangu, nakupa hesabu moja ya kumpelekea, lakini si ndani ya gari. Kipande kilichopanuliwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha ni kilomita 19.2. Tuseme barabara iko tupu, hakuna kituo wala alama yoyote. Kwa kilomita 80 kwa saa mtakimaliza kwa dakika 14 na sekunde kidogo. Kwa 100, dakika 11 na nusu. Anachokipata kwa kutukana watu wote hao hakifiki dakika tatu, na akifika Kimara foleni inazimeza. Wakati huo huo gari la 100 linabeba nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya lile la 80, na nguvu hiyo ndiyo inayovunja watu likigonga.

Mweleze jioni mmekaa, ameshakula. Usimwambie "unaendesha vibaya". Hakuna mwanamume niliyemfundisha aliyelipokea neno hilo. Mwambie unachokisikia wewe: "Ukimkaribia mtu vile mimi tumbo linanikata, nafika kazini natetemeka." Hilo hawezi kulibishia, tumbo ni lako.

Na akikujibu tena "shuka", shuka. Namaanisha. Mwambie asimame kituoni, ushuke salama, upande gari la abiria. Si kwa kususa na si kwa ugomvi. Fanya hivyo kila mara anapoanza, na siku akienda vizuri panda naye, umsifie. Mwanamume anayefika kazini peke yake siku tatu mfululizo anaanza kufikiri.

Neno moja la mwisho kwako. Umesema nyumbani ni mtu mzuri, nimekuamini. Lakini ikiwa ile hasira inakuja mpaka sebuleni, ikiwa kuna mkono uliowahi kunyanyuliwa, hilo si jambo la mwalimu wa udereva. Waambie wazee mnaowaheshimu wote wawili, na usione aibu kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

*

Shikamoo Mwalimu. Najifunza gari, nina kibao cha L mbele na nyuma. Juzi gari lilinizimikia kwenye mwinuko mdogo Tabata, watu wakapiga honi mfululizo, mmoja akapita akasema, "Mama rudi jikoni." Nililia. Sijarudi darasani tangu siku hiyo.
Binti wa Tabata

Marahaba binti yangu. Rudi.

Mimi niliyaambiwa hayo nikiwa na basi la shule, miaka kumi na moja, na kila aliyeniambia nilimwona kwenye kioo cha nyuma akiwa nyuma yangu kwenye foleni. Lakini sitakwambia usiumie. Uliumia, na ilikuwa haki yako kuumia. Kibao cha L kinamwambia dereva mwingine aongeze nafasi na subira, na waliokupigia honi walikisoma wote. Nawaambia na wao hapa hapa: honi haijawahi kuwasha gari la mtu. Inamfanya aachie klachi haraka zaidi, na gari linazima tena, na ninyi mnakaa pale pale.

Ikikutokea tena mlimani, kabla ya kitu chochote kingine vuta hendibreki. Gari likishashikwa haliendi nyuma, na hapo hakuna kitakachoharibika hata wapige honi mpaka jioni. Washa hazadi. Klachi chini mpaka mwisho, weka gia ya kwanza, washa injini. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi polepole mpaka usikie pua ya gari inanyanyuka na mlio wa injini unakuwa mzito. Hapo, hapo hasa, ndipo unapoteremsha hendibreki, si kabla. Gari litapanda lenyewe. Zima hazadi, endelea.

Mwombe mwalimu wako mlifanye zoezi hilo Jumapili asubuhi na mapema, mwinuko ule ule wa Tabata, mara ishirini, mpaka mguu uusikie ule uzito bila wewe kufikiri. Ukishapata leseni niandikie, nitaisoma barua yako hapa.